Maiki Inayosikia Kila Kitu

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Huku tupo. Mama yako goti linamsumbua, na tangu ahamie kwa kaka yako analitibu kwa kuwasimulia wajukuu jinsi linavyouma. Pacha wameota meno, wanang'ata kila kitu hata fimbo ya bibi yao. Jirani yangu seremala bado anaranda mbao kutwa, na vumbi lake linanitembelea kuliko yeye mwenyewe. Mimi ni mzima. Nyumba ni ile ile, ila kitanda alichougulia baba yako mdogo nimekitoa sebuleni. Baada ya maziko watu wakija walikuwa wanakikalia. Sasa hawaji, nikaona kinachukua nafasi bure.

Sasa nisikilize. Unajua nimesoma vipindi vya shule redioni mpaka nikastaafu, na nilipostaafu nikawa namsomea baba yako mdogo, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha. Gazeti asubuhi, kitabu jioni, mpaka maelezo ya kwenye chupa za dawa. Mwaka sasa sijamsomea mtu. Nikisoma kwa sauti peke yangu najiona kama mwehu, nikisoma kimoyomoyo sioni utamu. Na maktaba ya wasioona inatafuta msomaji mmoja wa kurekodi vitabu akiwa nyumbani kwake, kwenye kompyuta. Nafasi hiyo naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote, wala sioni haya kusema. Kila mwombaji anapeleka sampuli mara moja tu, kabla Mei haijaisha.

Nilijaribu kurekodi kwa kompyuta peke yake, nikamwomba mkutubi asikilize kirafiki. Akasema, "Mama, sauti unayo, lakini unasikika kama mtu aliyefungiwa kabatini." Akanishauri nitafute kifaa cha nje cha kuchomeka. Nikaenda dukani, muuzaji akaniletea sanduku lenye matundu manane ya maiki. Nikamuuliza, "Bwana, una habari kwamba nina mdomo mmoja?" Akasema yatanifaa baadaye. Baadaye gani, sijui, labda meno yakishang'oka yote yataanza kuongea.

Wewe ndiye unayeuza vitu hivyo. Nieleze nichukue kipi na kwa nini, kwa maneno yanayoeleweka. Na usinipigie simu. Simu inameza mwisho wa sentensi, nami mwisho wa sentensi ndio niliokuwa nikilipwa kwa ajili yake.

Mama yako mdogo

23 Februari

Mama mdogo, shikamoo.

Barua imenikuta salama. Kazi ipo, wateja wapo, afya ipo. Chumba nimeshakizoea. Wenzangu wa dukani ni watu wa kucheka, siku zinakwenda. Mpe mama pole ya goti, mwambie nitampigia.

Lile sanduku la matundu manane ni la bendi. Liache hapo hapo dukani. Unachohitaji wewe tunakiita saundi kadi ya nje, na kazi yake ni moja: inapokea sauti kutoka kwenye maiki na kuigeuza iwe kitu ambacho kompyuta inakielewa, bila kuiharibu njiani. Kompyuta inayo ya kwake ndani, lakini imebanwa pamoja na feni na umeme wa kila namna. Ndiyo maana ulisikika umo kabatini. Ya nje inakaa mbali na vurugu hiyo, unaichomeka kwa waya wa USB basi. Chagua yenye tundu moja la maiki, yakizidi sana mawili. Iwe na kirungu kikubwa cha kupandisha sauti, unachoweza kukigeuza bila kutafuta miwani. Iwe na tundu la hedifoni, na taa inayogeuka nyekundu ukipaza kupita kiasi. Mengine yote ni mapambo, na mapambo ndiyo tunayoyauza sana.

Shughuli ipo kwenye maiki yenyewe. Kuna inayoitwa dainamiki. Hiyo ina adabu zake, inamsikia anayeongea mbele yake tu, ya jirani hayaihusu. Na kuna kondensa. Kondensa ni tamu, lakini inasikia kila kitu: saa ya ukutani, bomba linalovuja, tumbo lako likilalamika. Wanaoinunua ni wenye vyumba vilivyozibwa kila pembe. Wewe una seremala. Chukua dainamiki, nakusihi.

Kitanda umekipeleka wapi? Na unakula vizuri?

Chiriku wako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kwa mama yako hawajambo, goti limehamia kwenye kiuno. Kitanda nimempa seremala, amekikata miguu, sasa ni benchi lake la kazi. Kula ninakula. Kupika kwa ajili ya mtu mmoja ndiko kugumu, sufuria zote za humu ndani zilinunuliwa kwa wawili.

Maelezo yako nimeyaelewa, Mungu akubariki, ungefaa ualimu. Lakini hiyo maiki yenye adabu siitaki. Redioni tulikuwa na zile zinazosikia. Watoto madarasani walikuwa wanajua nimetabasamu kabla sijafika kwenye nukta, walimu wao waliniandikia hivyo. Baba yako mdogo naye vivyo hivyo, aliniuliza, "Umeona nini hapo mbele?" kabla sijakisoma. Mtu asiyeona anasoma pumzi yako, mwanangu. Ukimpelekea sauti iliyofungwa mlango, umempelekea nusu. Nipe kondensa.

Kuhusu seremala, usihofu. Redioni tulikuwa na taa nyekundu juu ya mlango, ikiwaka hata mkurugenzi anatembea kwa vidole. Mimi nitatundika kitambaa chekundu dirishani. Nimeshapatana naye: akikiona anazima mashine, anakwenda kunywa chai. Alisema, "Mama, nawe tundika mara nyingi, chai yangu inapoa kila siku."

Ukiacha seremala, nyumba hii haina kelele. Ingekuwa nazo ningekwambia.

Umeniuliza ninavyokula. Na wewe unakula na nani? Utotoni tulikuita Chiriku kwa sababu ulikuwa huwezi kumeza tonge bila kusimulia kitu. Barua zako siku hizi ni fupi, na ukitoa vifaa hakuna kinachobaki.

Mama yako mdogo

2 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Sitabishana na wewe, nilishawahi kujaribu nikiwa mdogo. Nimekutumia vitu vyote kwenye sanduku moja: saundi kadi ndogo ya matundu mawili, kondensa, stendi ya mezani, waya mbili, hedifoni. Nimeandika kwa karatasi ya gundi juu ya kila tundu kinachoingia hapo. Kile kitufe chenye namba 48 ndicho kinachoipa kondensa umeme. Bila hicho ni kiziwi. Kirungu kipandishe taratibu mpaka taa iwe kijani, ikigusa nyekundu shusha. Kwenye kompyuta bonyeza duara jekundu kuanza. Ukimaliza bonyeza mraba.

Na flashi nimeiweka humo. Rekodi, nitumie nisikilize kabla hujampelekea mkutubi.

Mimi ni mzima. Sina la kusimulia.

Chiriku

30 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba na asante, na asante tena. Sanduku lilichelewa njiani mpaka nikaanza kumtazama tarishi kama mtu aliyeniibia. Lakini limefika zima. Pacha mmoja amepata mafua, mwenzake akaona asipitwe. Mama yako anakusalimu na anauliza simu uliyoahidi inapita njia gani.

Vitu vyako vinapendeza. Karatasi zako za gundi zilinifaa zote, isipokuwa ile ya kitufe cha 48, niliyoibandua nikidhani ni bei. Basi nikatundika kitambaa, seremala akazima mashine, nikasoma sura nzima kwa ufasaha usio na mfano mbele ya maiki iliyokuwa haisikii hata neno. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii mkuu ulikuwa wewe. Seremala alikunywa chai mara mbili siku hiyo.

Mara ya pili taa ikawa kijani. Mkutubi alinipa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Nilidhani nitasinzia, kumbe nyuki wana mambo kuliko ukoo wetu. Nilipofika kwenye malkia mzee anayetengwa na kundi lake, nilipunguza mwendo nikasoma neno kwa neno. Nilipofunga kitabu nikakaa kimya kidogo kama tulivyofundishwa, na kioo cha kompyuta kikazimika chenyewe. Nikajua kipindi kimekwisha. Sikuwa nimesoma vizuri namna ile tangu nilipokuwa na msikilizaji.

Sikujisikiliza. Redioni tulikuwa na imani kwamba mtangazaji anayejisikiliza anaishia kujipenda. Rekodi yote nimeitia kwenye flashi kama ilivyo, nimebaki na nakala. Sikiliza wewe, uniambie kweli tupu. Utajibu mapema, eti? Mei haitusubiri.

Mama yako mdogo

27 Mei

Chiriku,

Hujambo? Hatujambo. Kila siku naangalia sanduku la barua, naambulia matangazo ya dawa za mende.

Kama rekodi ni mbaya ungesema tu, mimi si yai. Nimengoja nikachoka. Mwezi unaisha, kwa hiyo leo asubuhi nimempelekea mkutubi ile nakala. Niombee.

Kama unaumwa, mtu aandike kwa niaba yako.

Mama yako mdogo

14 Juni

Mama mdogo, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Dukani tulikuwa na hesabu ya mali, tumekuwa tukihesabu waya mpaka nikaota waya. Siumwi.

Umesoma vizuri sana. Pale kwa malkia mzee mtu anasimamisha anachofanya. Kuna mvumo mdogo kwa chini, unatoka kwenye chaja ya kompyuta. Siku nyingine ichomoe kabla ya kuanza, tumia betri. Pia weka taulo juu ya meza, chini ya stendi, meza isigonge ukigeuza kurasa.

Jambo moja tu. Ukimaliza kusoma usisahau kubonyeza mraba. Kioo kinazimika ili kutunza umeme, lakini kompyuta inaendelea kurekodi.

Natumaini kwa mkutubi yatakuwa mema.

Chiriku

28 Juni

Chiriku,

Inaendelea kurekodi mpaka lini?

Redioni tulirekodi kwa utepe. Utepe ulikuwa na mwisho wake. Ukifika unapiga makofi kwenye gurudumu, fundi aliye nyuma ya kioo anazima, ananiinulia kidole. Kazi yangu ilikuwa kusoma na kunyamaza. Maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuzima kitu. Hakuna aliyeniambia kwamba siku hizi chombo hakichoki.

Nimejaribu kufungua ile nakala niitazame. Mstari wake unakwenda mpaka unatoka kwenye kioo, nao haujalala, una vilima. Sina ujasiri wa kubonyeza. Na ndiyo hiyo hiyo iliyoko kwa mkutubi.

Siku ile niliifunga kompyuta alasiri, nilipotaka kupanguza meza.

Nitakuuliza mara moja, nawe usinizungushe kwa taulo na chaja. Ulisikia nini?

Mama yako mdogo

16 Julai

Mama mdogo, shikamoo.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana. Mficha uchi hazai. Nitakueleza yote.

Ulipomaliza nyuki ulikaa kimya. Kisha kiti kikasogea, ukaenda jikoni. Nikasikia bomba, nikasikia birika. Ukauliza, "Nikutilie sukari?" Ukangoja. Mama mdogo, ulingoja kama mtu anavyongoja jibu. Halafu ukasema, "Haya, nusu." Ukaja ukaweka vikombe, viligonga meza kimoja baada ya kingine. Ukafungua gazeti ukaanza kusoma. Mambo ya mpira uliyaruka, kisha ukasema, "Najua, najua, narudi," ukayarudia yote na majina ya wachezaji, nawe mpira huujui. Ulipofika kwenye matangazo ya vifo ukasema, "Leo haya tuyaache." Kuna mahali ulicheka, ukasema, "Wewe nawe!" Baadaye ukaosha vikombe. Kisha hakuna kitu, ni nyumba tu, na randa ya seremala kwa mbali. Kimya hicho ni kirefu, nilidhani umetoka. Ndipo ukasema, karibu kabisa na maiki, kwa sauti ile ile ya redioni: "Mtu aseme neno humu ndani."

Baada ya hapo ukafunga kompyuta.

Niliisikiliza mara ya kwanza dukani, wakati wa mapumziko ya mchana, kwa hedifoni za kujaribishia wateja. Mama mmoja akaja kuuliza waya wa gitaa nikamwinulia kidole angoje, akaenda kumwita msimamizi. Nikaichukua flashi nikaenda nayo nyumbani. Na sasa nisikilize na wewe. Nilipaswa kukuandikia siku ile ile. Tarehe ya mkutubi niliijua, uliiandika kwenye barua yako ya kwanza. Hesabu ya mali ilikuwa uongo. Sikukuandikia kwa sababu ningekwambia ni ndefu, ungesema niifute, utume nyingine fupi. Nami sikutaka kuifuta.

Umeniuliza ninakula na nani. Ninakula na wewe. Nikirudi kazini nafungua mlango, nawasha taa, naiwasha rekodi yako pale nyuki wanapokwisha. Wewe unaandaa chai, mimi naandaa chakula changu. Unasoma gazeti la zamani, mimi nasikiliza matokeo ya mechi zilizokwisha kusahaulika. Hao wenzangu wa kucheka wapo, lakini duka likifungwa kila mtu ana kwake. Jumamosi nikishasema "karibu tena" kwa mteja wa mwisho, sifungui mdomo mpaka Jumatatu niseme "karibu, nikusaidie nini?" Si kwamba nina siri. Sina tu wa kumwambia. Hata mama simpigii kwa sababu akisema "niambie" sina cha kumwambia, na ananijua, atasikia.

Jana ulipouliza sukari nilikujibu. Nilisema, "Usitie." Nikajisikia sauti yangu chumbani, nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa.

Ikiwa nimekuharibia kwa mkutubi, sina la kujitetea.

Mwanao

12 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, halafu nikaisoma nimekaa, halafu nikaiweka chini ya mto nikakaa siku kadhaa bila kuitazama. Mama yako alikuja na goti lake, akasema nimekonda. Nikamwambia ni jua.

Mkutubi amejibu. Nakunakilia maneno yake, ya kwangu yasije yakayapaka rangi: "Usomaji wako ni wa kiwango cha juu na tuliufurahia. Kwa masikitiko, kazi hii inahitaji msomaji anayeweza kurekodi akiwa peke yake. Katika sampuli yako tumekusikia kwa muda mrefu ukizungumza na mtu mwingine ndani ya nyumba." Nafasi amepewa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Nimemsikia kwenye rekodi za maktaba, mwanangu. Anasoma kama anayeita majina ya wanafunzi.

Nilichukua kalamu nimwandikie kwamba hakuna mtu mwingine. Nikaandika salamu, nikaandika kumbukumbu ya barua yake, kisha nikaiweka kalamu chini. Mle maktabani kuna watu wanaoamini kwamba ndani ya nyumba yangu mna mtu, anakunywa chai ya nusu kijiko na kunibishia habari za mpira. Ni wao peke yao duniani. Sikuwa na moyo wa kuwatoa kwenye imani hiyo.

Basi kazi ile nimeikosa. Ungeniandikia mapema ningeipata. Nimelia, na sikulia kidogo. Nimekukasirikia pia, na hasira bado ninayo, usidhani kwa kuwa nimekuandikia basi nimekusamehe. Msamaha upo njiani, umetumwa kwa posta ya kwetu, na unaijua posta ya kwetu.

Aibu nayo ilinishika. Nilijiona navuliwa nguo mbele ya watu. Kisha siku moja nikiwa nasuuza vikombe nikajikuta nimesimama na maji yanatiririka. Kumbe siku zile zote nilizodhani nasemea ukutani, kuna mtu mahali alikuwa anakula chakula chake ananisikiliza. Kumbe wa kumsomea nilikuwa naye, ila hamkuniambia, si wewe wala mkutubi. Sijui nicheke au nikuchape.

Usiifute. Lakini mechi hizo ni za zamani mno, unatia aibu. Humu bahashani mna flashi yenye za wiki hii. Nimesoma nikijua ni wewe, na mraba nimeubonyeza kwa kidole changu mwenyewe.

Ila kuna deni la haki hapa. Wewe umeisikia nyumba yangu kutoka asubuhi hadi alasiri, na vikombe vyangu, na upumbavu wangu. Mimi sijui hata mlango wako unalia vipi ukifunguliwa. Dukani kwenu vidude vimejaa mpaka dari. Chagua kimoja kikufae, unajua kuchagua, umenifundisha mimi. Kiweke mezani kwako. Usinisomee kitu wala usijipange. Kiwashe, halafu uishi. Usikikate hata pakiwa kimya.

Mama yako mdogo

9 Septemba

Mama mdogo, shikamoo.

Nimempigia mama. Tuliongea goti, tukaongea pacha, tukamaliza tukaanza tena goti. Hakuniuliza kitu, wala sikumdanganya kitu.

Mechi nimezisikia. Yule mlinda mlango jina lake hulitamki hivyo, lakini endelea tu, nimelipenda la kwako.

Kuchagua kumenichukua siku nyingi. Nimesimama mbele ya kabati la duka kama mteja asiyejua anachotaka, mimi ninayewaelekeza wateja kila siku. Msimamizi akaniuliza, "Ni kwa ajili ya nani?" Nikasema ni kwa ajili ya mtu wa nyumbani. Nimechukua saundi kadi ndogo ya tundu moja, na kondensa.

Nimeishi mbele yake kama ulivyoagiza, lakini ni kazi ngumu. Ukijua unasikilizwa, hata kijiko unakishika kwa adabu. Utasikia friji. Utasikia watu wa juu wakishuka ngazi, nami nikisimamisha kijiko kila wanapofika usawa wa mlango wangu, ingawa hakuna anayekuja kwangu. Utasikia nikipika, nikila, nikiosha sahani. Mlango wangu unalia kwa chini, kama mtu anayekohoa akiwa amefunga mdomo. Neno hakuna. Nilikusudia kusema kitu, Mama mdogo, nilikaa mbele ya ile maiki nikatafuta, na mimi ndiye Chiriku, sikupata hata moja.

Basi nikainuka, nikatoka nje kwenye korido, nikaufunga mlango wangu mwenyewe. Nikapiga hodi.

Inasikika vizuri, nimehakikisha. Baada yake nimeacha kimya cha kutosha. Ukifika hapo, Mama mdogo, itikia.

Mwanao